Hekalu Lisiloonekana Lote

Mwaka 2019 nilimpeleka dada yangu Chennai kwa matibabu. Baada ya vipimo tuliambiwa tusubiri majibu siku nne. Dada akasema, "Nenda katembee, mdogo wangu. Ukikaa hapa utanihesabia pumzi." Nikapanda treni ya usiku kwenda kusini. Haya basi ni maoni ya mtu aliyeona mahekalu mawili kwa siku mbili, na msomaji ayapime hivyo.

Nilianzia Thanjavur, kwenye hekalu la Brihadisvara lililokamilishwa mwaka 1010 na Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola. Limejengwa kwa mawe ya itale, na mnara wake unapanda kiasi cha mita 60 juu ya chumba cha Shiva. Wageni husimuliwa kwamba kivuli cha mnara huo hakifiki chini kamwe. Si kweli. Nilikikanyaga kwa nyayo tupu, sakafu ikiwa inaunguza, nami nikakishukuru. Masimulizi ya namna hii yananikera kwa kuwa yanamnyima mgeni ajabu ya kweli. Chini ya kuta zile mfalme alichongesha hesabu za hekalu: dhahabu iliyotolewa, taa, na wanawake 400 wacheza ngoma waliopewa nyumba pale jirani, kila mmoja kwa jina lake. Kiongozi wetu alipita hapo bila kusimama.

Hata hivyo jengo lenyewe nililielewa upesi. Ua ni mpana, na mnara mkubwa umekaa juu ya kile kilicho kikubwa kuliko vyote. Jicho halipotei. Niliandika daftarini kwamba sijapata kuona jengo zuri kama hilo, na sijalifuta neno langu.

Kesho yake Madurai ikanivuruga. Katika hekalu la Meenakshi mpango umegeuzwa. Minara iko 14, na iliyo mirefu zaidi ni ya malango ya nje. Ule wa kusini unapita mita 50. Kadiri unavyoingia ndivyo majengo yanavyopungua kimo, hata chumba cha mungu mke mwenyewe hukioni kwa mbali. Nayo minara imesheheni sanamu za rangi kali, moja juu ya nyingine. Nikasema moyoni: hapa pambo limelishinda jengo.

Simu niliacha nje, kama ilivyoamriwa. Ndani mlikuwa na giza la nguzo nyingi, na harufu ya asmini, samli na kafuri. Kisha nikafika kwenye kibao: wasio Wahindu wasipite. Utotoni nilipita mara nyingi mbele ya mahekalu ya Kisutu, Dar es Salaam, nisiingie hata siku moja. Sasa nilikuwa nimevuka bahari kuja kusimama mlangoni vilevile.

Mama mmoja mwenye nazi mkononi akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza nimefuata nini. Nikamwambia nina mgonjwa. Akauliza jina la mgonjwa, si dini yangu, akaingia. Nilisubiri karibu saa nzima. Alipotoka alinipa unga mwekundu kidogo, umefungwa kwenye karatasi.

Ndipo nilipoona kosa la hukumu yangu. Nilikuwa naipima Madurai kwa jicho, kana kwamba imejengwa ili itazamwe. Minara ile ni ya kuwaita walio mbali. Hao wakishaingia, hawana haja nayo tena. Wanakwenda kwa darshan, yaani kumwona mungu naye awaone, na jina la Meenakshi maana yake ni mwenye macho ya samaki. Kwa kazi hiyo chumba kidogo chenye giza kinatosha. Wapo wageni wanaokilalamikia kibao kile. Mimi sikilalamikii: Thanjavur hakuna aliyenizuia, nikaona yote, nikaondoka sina swali. Rangi za minara, lakini, bado hazinipendezi.

Niliporudi Chennai dada aliifungua ile karatasi, akanusa.

"Anaitwa nani huyo mama?"

Sikuwa nimemuuliza.