Sifa za Fundi Waya

Taa za gari ni za namna mbili: zipo zinazomwezesha dereva kuona, na zipo zinazowawezesha wengine kuliona gari lake. Taa kubwa za mbele zikizimika usiku, dereva husimama papo hapo. Lakini zile ndogo za ubavuni, za njano, zilizopangwa kwenye mbavu za lori, na zile za pembe za juu ya bodi, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, zinaweza kufa moja baada ya nyingine na mwenye gari asihisi lolote. Anayehisi ni yule anayekuja kutoka upande wa pili, ambaye hajui kama kiza kilicho mbele yake kina upana wa Noah au wa Scania yenye tela. Namsifu fundi anayezitunza taa hizo. Mteja anayemlipa ni mmoja, na anaowalinda ni wengi wasiomjua hata kwa sura.

Mkoa wa Mara unafaa sana kumtazamia akiwa kazini. Barabara kuu kutoka Mwanza hupita kando ya Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Serengeti, ikaingia Bunda, ikatoa matawi kwenda Butiama na Musoma, ikavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, ikafika Sirari mpakani na Kenya. Humo mnapita malori ya pamba yaliyofurika mizigo hadi taa za nyuma hazionekani, matenki ya mafuta, Fuso zenye magunia ya dagaa, mabasi, na mara mojamoja magari-nyumba ya watalii: yale marefu yenye vitanda na jiko ndani, yanayotoka Nairobi kupitia Sirari kuelekea hifadhini. Tangu Serikali iruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990, giza la barabara hiyo lina abiria wengi zaidi.

Gari-nyumba ndilo linalompima fundi. Ni sanduku pana na refu, na kanuni za nchi lilikotoka hazikulionea haya. Kwa kanuni za Ulaya, gari lenye upana unaozidi mita 2.10 lazima liwe na taa za kuonyesha kingo zake za juu, na lenye urefu unaozidi mita 6 liwe na taa za ubavuni. Marekani huanzia inchi 80, yaani mita 2 na ushee, na huongeza taa tatu za katikati juu ya paji la gari. Sasa taa hizo zilizowekwa juu pembeni ndizo za kwanza kukwanguliwa na matawi ya migunga. Kava hupasuka, vumbi huingia, mvua hufuata. Dukani Bunda hupati taa ya kufanana nayo. Fundi hutafuta ya lori inayokaribiana, lakini kabla ya kuigusa huuliza swali moja: gari hili ni volti 12 au 24? Malori na mabasi mengi ni 24, magari madogo ni 12, na gari-nyumba laweza kuwa lolote kati ya hayo, kutegemea limejengwa juu ya chesisi gani. Taa ya 12 ukiifunga kwenye 24 itawaka kwa nguvu ya kupendeza, kisha basi.

Kazi yenyewe huanza kwa kuwasha na kuzunguka. Fundi humwambia utingo awashe taa za paking, halafu hulizunguka gari taratibu akigonga kila taa kwa kidole. Kisha: kanyaga breki. Washa indiketa ya kushoto. Ya kulia. Taa ya ubavuni ikififia kila breki inapokanyagwa, au ikikonyeza pamoja na indiketa isiyoihusu, asiyejua atabadilisha balbu. Anayejua atakwenda kutafuta ethi. Umeme ukishapita kwenye balbu sharti urudi kwenye betri, na kwenye magari mengi njia ya kurudia ni chuma cha bodi na chesisi. Mahali waya wa ethi ulipofungwa kwa skrubu pakishika kutu, umeme hutafuta upenyo mwingine, kama maji ya mvua yaliyozibiwa mfereji, ukapita kwenye taa ya jirani na kuiwasha nusunusu. Dawa yake haina fahari yoyote. Fungua skrubu, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza upya, paka grisi juu. Ni kazi ya dakika chache, ila kujua kwamba ndiyo inayotakiwa, na si nyingine, huja kwa miaka ya kulala chini ya magari.

Adui mkubwa ni maji. Huingia kwa juu, pale kava linapokutana na bodi, na pia husafiri ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba, hadi shaba igeuke kijani na kumomonyoka ungali unauona mpira wa nje mzima. Kwa hiyo fundi mzuri hukata waya nyuma hadi akute shaba nyekundu, hata kama mteja anaona anapoteza waya. Akiunga, hubana kiungio barabara na kukivisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Tepu peke yake jua la Mara huilegeza gundi. Waya unaoingia kwenye taa huuachia mkunjo unaoning'inia kidogo, ili tone la maji liangukie pale chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Na silikoni huipaka juu na pembeni tu. Chini huacha wazi, kwa sababu maji hayakosi njia ya kuingia, na yakiingia lazima yapate pa kutokea. Nimewahi kuona taa zilizozibwa pande zote kwa silikoni, zimejaa maji hadi nusu, zimekuwa vijibwawa vya njano.

Pia kuna fyuzi. Taa za paking kwa kawaida hugawana fyuzi, na taa moja yenye shoti huweza kuzima upande mzima. Dereva mwenye haraka huzungushia waya mahali pa fyuzi iliyoungua, akaondoka. Hapo amehamisha moto kutoka kwenye kijikaratasi cha bati kwenda kwenye nyaya zilizopita chini ya viti vya abiria. Ninamheshimu sana fundi anayekataa kufanya hivyo, hata akiombwa kwa heshima zote, "Tata, nisaidie tu nifike Tarime."

Siku hizi balbu zinaondoka na taa za LED zinaingia. Balbu ndogo ya ubavuni hula takriban wati 5; kumi zikiwaka ni wati 50, ambazo LED hazifikii hata robo yake. Ni teknolojia ileile iliyokwisha kufika ziwani: usiku usio na mwezi, ukisimama Musoma ukatazama Ziwa Victoria, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa hadi upeo wa macho, na nyingi ya hizo zamani zilikuwa karabai. LED haiogopi mtikisiko kama uzi wa balbu unavyouogopa, ila hutaka chanya na hasi ziwe mahali pake, na ikifa hutupwa nzima. Wapo wanaosema imemaliza ufundi. Sikubaliani nao. Waya, ethi na maji ya mvua vimebaki vilevile, na LED nzuri iliyofungwa kwenye ethi mbovu ni kiza cha bei ghali.

Lori likiharibika usiku kwenye barabara zetu, utingo hukata matawi na kuyapanga kwenye lami, na kila dereva wa Afrika Mashariki huyaelewa. Ni desturi nzuri ya watu waliokosa kitu bora. Lakini tawi halionekani mpaka umelikaribia, ilhali taa ya ubavuni inayowaka huonekana ungali na nafasi ya kupunguza mwendo.

Kila Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, wapo wanaosafiri kwenda Butiama kuzuru kaburi lake Mwitongo, na mvua za vuli huwa zinakaribia. Mwalimu wa shule anayekodi Coaster kwa safari hiyo, kabla ya kutoa malipo ya awali, amwombe dereva awashe taa zote, kisha alizunguke gari kwa miguu, mbele, ubavuni, nyuma na juu kwenye pembe. Kama kuna iliyokufa, safari ingojee asubuhi moja. Mafundi waya wa Bunda na Musoma wataimaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri.