Bomba la Mafuta na Mkono wa Rubani: Uchambuzi wa Mfumo wa Mafuta katika Ndege za Kujiundia

Katika ndege ndogo ambayo mtu huiunda mwenyewe katika karakana yake kwa kufuata michoro ya mbunifu, kazi ya kulaza mabomba ya mafuta huonekana ndogo ikilinganishwa na ile ya kuunda mabawa, kwa kuwa huhusisha mita chache tu za bomba jembamba, viungio kadhaa, chujio, pampu na vali moja. Hata hivyo, ubora wa kazi hiyo haupimwi kwa kutazama viungio peke yake, kwa sababu njia ya mafuta humjumuisha pia rubani, ambaye mkono wake ndio unaoamua, safari ikiwa imeshaanza, ni tangi lipi litakaloilisha injini. Fundi anayelaza bomba bila kuufikiria mkono huo huwa ameifanya nusu tu ya kazi yake.

Kwa kawaida mafuta hutoka katika matangi mawili yaliyomo ndani au kwenye mashina ya mabawa, hupita katika vali ya kuchagulia tangi, kisha katika chujio linalonasa uchafu na maji, na hatimaye husukumwa na pampu hadi kwenye kabureta au kifaa cha kunyunyizia mafuta. Kutoka kwenye matangi hadi kwenye bamba la chuma linalotenganisha injini na chumba cha rubani, mafundi wengi hutumia bomba la alumini laini lenye kipenyo cha nje cha inchi 3/8, yaani takriban milimita 9.5. Baada ya bamba hilo hutumika mpira wa kunyumbuka uliovikwa ala inayostahimili moto, kwa maana injini hutikisika juu ya vishikizo vyake, na bomba gumu lililofungwa baina ya kitu kinachotikisika na kitu kilichotulia hupata ufa mapema.

Kiungio cha bomba la alumini hutengenezwa kwa kuupanua mdomo wa bomba hadi ufanane na koni ya kiungio, halafu nati huubana mdomo huo dhidi ya koni. Katika vifaa vya ndege koni hiyo ina pembe ya nyuzi 37, ilhali vifaa vingi vya magari vina nyuzi 45, na fundi anayeazima kifaa cha kupanulia kutoka gereji ya magari hupata mdomo usiokaa sawasawa juu ya koni, ambao unaweza kuvuja au kupasuka hata kama kwa macho unaonekana mzuri. Kukaza nati kupita kiasi nako huudhoofisha mdomo kwa kuufanya mwembamba, na ndiyo sababu mwongozo wa matengenezo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, huweka kwa bomba la alumini la inchi 3/8 kipimo cha kukaza cha paundi-inchi 75 hadi 125. Mdomo uliopanuliwa vizuri hauhitaji gundi wala utepe wa kuzibia, kwa kuwa chuma chenyewe ndicho kinachoziba, na kipande cha utepe kikikatika ndani ya bomba kinaweza kusafiri hadi kwenye tundu dogo la kabureta na kulifunga.

Jambo la pili linalotawala kazi hii ni presha. Katika ndege ambayo mabawa yake yako chini ya kiwango cha injini, pampu hulazimika kuyavuta mafuta kwenda juu, na kila inapovuta, presha ndani ya bomba hushuka. Kimiminika kilicho chini ya presha ndogo huchemka kwa joto dogo zaidi, kwa hiyo bomba lililopitishwa karibu na ekzosi, au lenye kona kali, hurahisisha kutokea kwa mapovu ya mvuke ambayo pampu haiwezi kuyasukuma, na injini hukosa mafuta ilhali tangi limejaa. Mvuto huohuo ndio unaoeleza kwa nini ndege za namna hiyo kwa kawaida hazipewi nafasi ya kuvuta matangi yote mawili kwa pamoja: kama ilivyo kwa mtu anayenyonya madafu mawili kwa mirija miwili, dafu moja likikauka, kinywa huvuta hewa na maji ya dafu la pili hayapandi tena. Kwa sababu hiyo rubani hana budi kugeuza vali akiwa angani, na mahali pa vali hiyo hugeuka kuwa suala la uhai.

Ukweli huo ulidhihirika katika ajali iliyomuua mwimbaji John Denver tarehe 12 Oktoba 1997, karibu na pwani ya Pacific Grove, California. Ndege yake, ambayo iliundwa na mtu mwingine kabla yeye hajainunua, ilikuwa ya aina ya Long-EZ iliyobuniwa na Burt Rutan, yenye viti viwili vilivyofuatana na injini iliyowekwa nyuma. Michoro ya Rutan huiweka vali ya kuchagulia tangi mbele ya rubani, kati ya miguu yake, mahali panapofikika kwa urahisi. Muundaji, akitaka kutopitisha mafuta ndani ya chumba cha rubani, aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani. Kwa kipimo cha bomba peke yake uamuzi huo ulikuwa na hoja, kwani njia ilifupika na hatari ya mafuta kuvuja miguuni mwa rubani ilipungua.

Gharama yake, hata hivyo, ilihamia kwenye mwili wa rubani. Ili kuigeuza vali, alilazimika kuuondoa mkono wa kulia kwenye usukani na kujipinda kuelekea nyuma, na wachunguzi walibaini kwamba mtu anayejipinda namna hiyo huelekea kukandamiza pedali ya kulia bila kukusudia. Mpini wa vali haukuwa na alama, na vipimo vya kiasi cha mafuta, ambavyo navyo havikuwa na alama, vilikuwa nyuma ya kiti chake. Kabla ya safari hiyo palifanyika jaribio la kuurefusha mpini kwa koleo ya kubana, lakini halikufaulu. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iliamua kwamba rubani alipoteza udhibiti wa ndege alipokuwa akihangaika na mpini huo, ikataja pia kosa lake la kutojaza mafuta kabla ya kuruka, na ikauhesabu uamuzi wa kuiweka vali mahali pagumu kufikika miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali.

Uchambuzi wa haki hauwezi kumlaumu muundaji kana kwamba hakujali, kwa sababu alikuwa akikimbia hatari halisi. Kosa lilikuwa la kipimo: aliuhesabu urefu wa bomba na hatari ya moto, bila kuhesabu mwendo wa bega, macho na miguu. Rutan alikuwa ameyapima yote mawili, na kila anayeyabadilisha maamuzi ya mbunifu huchukua dhamana ya kuyapima upya yote, wala si lile tu lililomsukuma kubadilisha.

Kwa bahati njema, upimaji wenyewe si mgumu. Kanuni iliyozoeleka hutaka mfumo unaotegemea uzito wa mafuta kushuka wenyewe upitishe asilimia 150 ya mafuta ambayo injini huyahitaji kwa nguvu kamili, na mfumo wa pampu asilimia 125. Injini inayotumia lita 40 kwa saa, kwa mfano, hudai lita 60 katika mfumo wa kwanza na lita 50 katika wa pili, na kipimo hufanywa pua ya ndege ikiwa imeinuliwa kama inavyokuwa wakati wa kupanda, kwa kuyakinga mafuta katika chombo na kuhesabu muda. Mwaka 2012 NTSB, baada ya kuzichunguza kwa kina ajali za ndege za kujiundia, ilipendekeza kwamba jaribio la mfumo wa mafuta lipangwe na kuripotiwa kwa maandishi kabla ya ndege kupewa cheti. Pendekezo hilo linastahili kuungwa mkono, na linastahili kuongezewa hatua moja isiyogharimu chochote: rubani atakayeirusha ndege aketi kitini akiwa amefunga mikanda, ageuze vali katika nafasi zake zote bila kuondoa macho mbele na bila kusogeza mguu, na ikiwa hawezi, bomba lifunguliwe na kulazwa upya.