Michirizi Iliyopanda Shavu la Kaisari

Rupia ile ilisuguliwa, na video ya kuitathmini yenyewe ilituonyesha. Mtathmini hakukosa kuona. Aliiona michirizi iliyo mbele ya uso wa Kaisari Wilhelm, akaisogeza sarafu kwenye kamera, akanyamaza kidogo, halafu akaamua kwamba hizo ni alama za msasa wa chapa na kwamba sarafu haijaguswa tangu itoke kiwandani. Kwa kauli hiyo moja, rupia ya 1891 ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandishwa daraja mbele ya wanunuzi waliokuwa wakisubiri kutaja bei. Kazi ya kabla ya hapo ilikuwa safi: mizani, kipenyo, sumaku na maandishi, vyote alivipima vizuri na kwa utaratibu. Lakini vipimo hivyo vinajibu kama fedha ni halali na kama sarafu ni ya kweli. Swali lililokuwa mezani, kama sarafu imewahi kusuguliwa, lilikuwa jingine kabisa, na hapo ndipo alipojikwaa.

Tuanze na hiyo hoja ya msasa, kwa kuwa ndiyo iliyobeba uamuzi wote. Ni kweli kwamba viwanda vilikuwa vikipigisha msasa chapa, yaani muhuri wa chuma unaogonga sarafu, ama kuondoa kutu na alama za mgongano, ama kuirudishia ulaini, na kwamba mikwaruzo ya kazi hiyo huonekana kwenye sarafu zinazopigwa baadaye. Ila tukumbuke chapa ni kinyume cha sarafu. Kilichoinuka kwenye sarafu, yaani shavu, kofia na herufi, kwenye chapa ni shimo. Na uwanda wa sarafu, yaani eneo bapa lisilo na picha, kwenye chapa ndio uso wa juu ulio bapa. Msasa hupita juu ya ubapa huo na kuruka mashimo bila kuyagusa. Mkwaruzo unaochimbwa kwenye chapa huzaa uzi ulioinuka kwenye sarafu. Kwa hiyo alama halisi ya msasa wa chapa ina sifa mbili zisizoachana: imeinuka juu ya uwanda, na inakoma kwenye mguu wa herufi au kwenye mstari wa pua, kisha pengine inaendelea upande wa pili kana kwamba ilipita chini ya picha. Haipandi picha. Haiwezi kupanda, kwa sababu msasa haukufika huko.

Michirizi ya rupia hii ilipanda. Irudisheni video pale sarafu inapoinamishwa mara ya kwanza, mwangalie kundi la mistari linaloanza kwenye uwanda, linapita juu ya sharubu na kupotelea shavuni, chini kidogo ya ukingo wa kofia. Mwelekeo ni uleule, umbali kati ya mstari na mstari ni uleule. Hicho ni kitambaa chenye unga mkali, mkono mmoja, mvuto mmoja. Tena kwenye herufi za ukingoni mistari inafifia kabla ya kufika mguuni pa herufi na inatokea tena mgongoni mwake, jambo ambalo chapa haina namna ya kulifanya lakini kitambaa hulifanya kila siku, kwa sababu hakiingii kwenye kona. Mtathmini aliusogeza mkono wake hadi penye jibu, akasimama hatua moja kabla. Alitazama michirizi ilipo, hakuifuata inakokwenda.

Mtetezi wake atasema kwamba rupia hii ilizunguka sokoni, na sarafu iliyozunguka haikosi mikwaruzo. Sawa, lakini mikwaruzo ya mzunguko haina adabu: mmoja mrefu, mmoja mfupi, huu kushoto, ule kulia, na mingi huangukia sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo zinazokutana na vidole, mifuko na sarafu nyingine. Kuna pia ushahidi wa rangi, ambao haukutajwa hata kwa neno moja. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani. Utando wa salfaidi huanza manjano hafifu, huelekea wekundu na samawati, na ukizidi unene huwa kijivu na weusi. Katika sarafu iliyotumika tu, vidole huung'oa utando huo kwenye shavu na kwenye herufi kabla ya kuung'oa uwandani, kwa hiyo picha huwa nyeupe juu ya uwanda wa kijivu. Hapa uwanda ulikuwa mweupe sawasawa na shavu, na weusi umejikunyata kwenye miguu ya herufi tu, umekatwa kama kwa wembe. Salfa haichagui kona. Kitambaa ndicho kinachozikosa.

Video ilipigwa chini ya taa ya duara, nami nalirudia lalamiko langu la zamani kuhusu taa hizo, na wasomaji wa safu hii watanivumilia. Taa ya duara ni nzuri kwa uso wa mtangazaji kwa sababu inafuta vivuli, na kwa sababu hiyohiyo ni adui wa ukaguzi wa sarafu. Mchirizi mwembamba huonekana pale tu mwanga unapoupiga kwa kuukatiza. Mwanga ukija kutoka pande zote, mchirizi humezwa. Balbu moja, kutoka upande mmoja, na sarafu izungushwe duara kamili huku imeinama: huo ndio ukaguzi, nao hauhitaji hata shilingi ya ziada. Kuzungusha huko hufichua jambo la pili, mwako. Fedha inapogandamizwa na chapa hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha mifereji midogo mno, na mifereji hiyo ndiyo inayorudisha mwanga kama spoku za baiskeli zinazozunguka. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa bila spoku. Inang'aa pote kwa pamoja, kama kijiko. Mtathmini aliisifu kwa kung'aa akiwa ameishika bila kuitikisa, chini ya duara la mwanga, na watu wakaandika bei.

Wabadilisha fedha wa zamani wa pwani wasingeishika hivyo. Sitaki kuwazulia sifa: wao hawakujali kama sarafu imesafishwa, walijali uzito na uhalali. Lakini wafanyabiashara waliopokea reale ya Maria Theresa, iliyokuwa na mwaka 1780 hata ilipopigwa zaidi ya karne moja baadaye, walijulikana kwa kukagua vitu vidogo kabisa, hadi lulu tisa za bruchi begani. Jicho lao lilikuwa kwenye pembe ambayo mghushi angeisahau. Wakaguzi wa leo wana lenzi na mizani ya kielektroniki, na wengi wanaangalia katikati ya sarafu, penye kupendeza. Tukiongeza hiyo skeli ya madaraja, ya 1 hadi 70, ambayo William Sheldon aliitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba za Marekani na sasa inabandikwa kila kitu cha mviringo, tumepata watu wanaotaja namba kabla ya kuigeuza sarafu mgongo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba sarafu za huku kwetu zote zimesuguliwa. Rupia na reale zilivaliwa shingoni, zilitiwa vikuku kwa sonara, zilisuguliwa kwa majivu na ndimu kila sikukuu ilipokaribia, na hakuna aliyeona kosa, kwa kuwa hazikuwa mali ya makabati. Nakubali yote hayo. Kusugua si dhambi. Nisichokubali ni kutaja kilichosuguliwa kuwa hakikusuguliwa, kwa bei ya kisichosuguliwa. Na kama zilizosalia salama ni chache hivyo, ndiyo sababu zaidi ya kuwa mgumu wa kutoa cheti.

Wapo pia wanaodai kwamba palipo na michirizi pana usafishaji, na pasipo na michirizi hapana, kwa hiyo dawa ya kuchovyea haihesabiki. Hoja hii nayo ina tundu. Tindikali yenye thaiyurea hula salfaidi, na salfaidi ilikuwa fedha ya sarafu hiyohiyo; utando ukiondoka, ngozi ya juu imeondoka nao. Mara moja, kwa sekunde chache, huenda lenzi isione kitu. Mara ya tatu au ya nne mifereji ya mtiririko inafifia na sarafu inabaki nyeupe ya maiti, haina kijivu kwenye kona, haina spoku. Asetoni ni habari nyingine: huondoa mafuta na mabaki ya plastiki bila kugusa fedha, nayo nisingemlaumu mtu yeyote kuitumia. Rupia yetu haikuchovywa, weusi wa kwenye herufi unatosha kuthibitisha. Ilisuguliwa kavu au kwa rojo, upande wa Kaisari zaidi kuliko upande wa simba na mnazi, labda kwa sababu mwenye kuisugua alitaka uso ndio uonekane.

Na video haikuficha kitu. Karibu na mwisho, taa ya duara imezimwa, mtathmini anairudisha rupia kwenye kasha lake huku mwanga wa dirisha ukiingia kutoka kushoto. Sarafu inainama yenyewe mkononi, na kwa muda mfupi mistari yote ya shavu inawaka kwa pamoja, sambamba, kutoka puani hadi chini ya kofia. Yeye wakati huo anaangalia kamera, anataja bei.