Pongezi kwa Maiti

Katika diwani ya mashairi 63 aliyoitoa Mwingereza A. E. Housman mwaka 1896 kwa gharama yake mwenyewe, limo shairi la beti saba, la 19 kwa hesabu, linalomhutubia mwanariadha aliyefariki angali kijana. Na ijapokuwa wengi hulisifu kwa huzuni yake, mimi naona ya kwamba ustadi wake umo katika jambo lililo kinyume, nalo ni kuwa mshairi, tangu ubeti wa tatu, hamlilii maiti bali ampongeza.

Ubeti wa kwanza wamchukua kijana mabegani, akipitishwa sokoni baada ya kuushindia mji wake mbio, wakubwa kwa wadogo wakimshangilia hata afike kwao. Ubeti wa pili wamchukua mabegani vile vile, kwa maneno yaliyokaribia kuwa yale yale, mpaka kizingitini, ila safari hii kinachobebwa ni jeneza, na mji anaoingia hauna kelele. Katika beti hizo mbili mauti hayatajwi kwa jina; msomaji huufahamu msiba kwa kuona tendo moja likirudiwa.

Kisha yaja hoja: heri yako wewe mwerevu, uliyeuacha mapema uwanja ambao sifa hazikai, kwani taji la mshindi hunyauka upesi kuliko waridi, na wako wakimbiaji wengi waliopitwa mbio na sifa zao wenyewe, jina likafa kabla ya mwenye jina. Hoja hii, ukiipima kwa akili, ni batili, maana maiti hafaidi taji. Na Housman, mwanachuoni wa Kilatini asiyesamehe kosa la mtu, hakukosa kuijua ila yake. Aliiacha isimame makusudi, akaifunga kwa vina vya mishororo miwili miwili na mizani nane, pengine saba, mwendo ulio karibu na wimbo wa watoto, hata faraja ikawa nyepesi mno kwa uzito wa msiba. Hapo ndipo uchungu ulipo. Na mwishoni kabisa aitoboa hoja kwa mkono wake, akikiri kuwa taji lile, hata lisiponyauka, umri wake ni mfupi kuliko shada la msichana.

Kwetu pwani, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate, alishika njia nyingine: alihutubia moyo wake mwenyewe, akauonyesha majumba ya fahari yaliyogeuka makao ya popo na ndege. Housman aipindua taswira hiyo, kaburi akalifanya nyumba yenye mlango mfupi, kijana amesimama penye kizingiti na kikombe chake mkononi, nao wafu wasio na nguvu wamekuja kumtazama. Mtunzi wa Pate ataka tuogope; huyu ataka tukubali, kisha tushtuke kuwa tumekubali.

Mwaka 1985, filamu ya Out of Africa ililisomesha shairi hili katika vilima vya Ngong, kaburini kwa Denys Finch Hatton, ambaye ndege yake ilianguka Voi mwaka 1931. Marehemu alikuwa mtu wa miaka 44, wala hakuna soko lililopata kumbeba mabegani. Kwa hiyo, pamoja na uzuri wote wa maonyesho yale, nadhani shairi lilipelekwa kwenye kaburi lisilo lake.