Hedifoni ya Bei Nafuu kwa Masikio ya Taarab

Wasomaji wetu wengi wamekuwa wakiulizana ni hedifoni gani ya bei nafuu inayofaa kusikilizia taarab. Basi tumekaa na Koss Porta Pro kwa majuma matatu, nyumbani na ndani ya basi. Kampuni ya Koss, ya Milwaukee huko Marekani, iliitoa mwaka 1984, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Bei yake huko ni takriban dola 50.

Tulianza na Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hapa hedifoni hii ilitushangaza. Sauti zake za juu kabisa ni pole, hazichomi, kwa hiyo ule mkwaruzo wa santuri ulirudi nyuma na maneno yakasogea mbele. Na taarab bila maneno ni nini? Ukikosa silabi moja, fumbo lote limekupita. Mwenzetu mmoja aligundua kwamba tangu utotoni amekuwa akiimba neno lisilokuwamo kabisa katika wimbo. (Tulimcheka, kisha kila mtu akaanza kujichunguza kimyakimya.)

Upole huo huo ndio kasoro yake. Kanuni haing'ari, nyuzi zake zinasikika kama zimefunikwa kitambaa. Udi umetoka vizuri zaidi. Tulipoweka taarab ya kisasa, yenye kinanda cha umeme na gitaa la besi, besi ilivimba hata ikamfunika mwimbaji, na mipasho isiyosikika haimchomi mtu. Kwa nyimbo hizo tusingeinunua. Kwa za zamani, tungeinunua tena kesho.

Kuhusu starehe, ni nyepesi mno. Sponji zinalala juu ya sikio bila kulibana, na vitelezi vya kando vinahamishia mbano juu ya sikio, ukapumua. Lakini utepe wa chuma wa kichwani unanyofoa nywele bila huruma! Wenye kofia na mitandio hawakulalamika.

Basini ni habari nyingine. Hedifoni hii iko wazi kwa nyuma, kwa hiyo kelele za nje zinaingia na wimbo wako unatoka. Abiria wa pembeni aligeuka kututazama mara mbili. Mara ya pili tukapunguza sauti.