Herufi Saba Mezani

Scrabble ya Kiingereza ina vigae 100. E ziko 12, A tisa, S nne tu, Q moja, na viwili ni vitupu ambavyo mchezaji huvipa herufi anayoitaka. Aliyepanga mgawo huo ni Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi za magazetini, moja baada ya nyingine, ajue ipi hujitokeza mara nyingi na ipi ni adimu. Mchezo ulianza kwa subira, na wanaoucheza vizuri hawajaiacha.

Mmoja wao ni mwalimu wa hisabati ninayemtazama katika ukumbi wa mashindano jijini Nairobi. Anauinua mfuko hadi usawa wa macho, uso ameugeuzia pembeni, kama kanuni zinavyotaka. Mkono unaingia wazi, unatoka na vigae, anavihesabu kifudifudi mezani kabla ya kuvisimamisha kwenye kibao chake. G, O, S, N, E, D, I.

Kwanza anavipanga kwa alfabeti: D, E, G, I, N, O, S. Mgeni wa mchezo angeona ni kupoteza muda, maana kila mchezaji ana dakika 25 tu kwa mchezo mzima na saa haimsubiri mtu. Lakini ndivyo alivyojifunza. Nyumbani ana kadi ambazo upande mmoja zimeandikwa herufi kwa mpangilio huo, na upande wa pili maneno yanayotokana nazo. AEGINST, kwa mfano, hutoa SEATING, TEASING, EASTING na GENISTA. Kadi aliyoikosea huirudia kesho yake. Aliyoipata huisogeza mbali, aikute tena baada ya wiki. Orodha ya Collins inayotumika hapa ina takriban maneno 280,000, na humo, tusisahau, wamo UGALI, MZEE na MATATU.

Sasa vidole vinaanza kazi. Anaitenga ING upande wa kulia, kwa kuwa vitenzi vingi vya Kiingereza huishia hivyo. Kushoto zinabaki D, E, O, S. Anazigeuza: DOSE, ODES, DOES. Hakuna inayokubali kushikana na ING. DOSE ingekubali kama isingelazimika kuitupa E yake, na E ikitupwa hakuna tena neno la herufi saba. Hapa ndipo wengi hukwama. ING ikishapangwa inapendeza, macho yanakataa kuiachia, na dakika zinakwisha mtu akiwa bado anazizungusha herufi nne zilezile. Mwalimu anaitazama kidogo, kisha anaivunja. Sijaona jambo gumu kuliko hilo katika mchezo huu, naye analifanya bila hata kukunja uso.

Anajaribu mwisho mwingine. S peke yake, halafu ES. Mbele ya ES zinabaki D, G, I, N, O, na mara DINGO limesimama, mbwa mwitu wa Australia, kisha DINGOES. Herufi zote saba! Atakayezishusha zote kwa mkupuo mmoja huongezewa alama 50, na wachezaji huliita tukio hilo bingo.

Hazishushi. Anainua macho, anaupitia ubao mstari kwa mstari kama anayechambua mchele. DINGOES halina pa kukaa. Kila mahali linagusana na herufi zinazozaa takataka. Basi anaanza upya, safari hii akiazima herufi ya nane kutoka ubaoni. Anazichukua zilizo wazi moja moja, anaiongeza kila moja kwenye saba zake kichwani, anasikiliza kama kuna kinachoitika. Kwenye ukingo wa juu kuna L, kichwa cha neno LEMUR ambalo kijana anayecheza naye amelishusha wima. Mikono imetulia kabisa. Kisha anachukua vigae vinne, S, I, D, E, anavipanga kushoto kwa L, na vitatu, O, N, G, kulia kwake.

SIDELONG. D imeangukia mraba unaozidisha neno mara tatu, N mraba unaozidisha herufi mara mbili. Alama 33, na 50 za bingo, jumla 83. Kijana anaitazama safu ile, anafikiria kupinga, anaghairi. "Sawa, Mwalimu," anasema, na kuandika.

Wanaodhani huu ni ujuzi wa Kiingereza wamkumbuke Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakizungumzi. Alikuwa ameisoma orodha ya maneno kwa wiki chache. Mwaka huohuo, huko Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza.

Mezani kwa Mwalimu, mfuko unakaribia kuisha. Tangu mwanzo amekuwa akifuta kwenye karatasi kila herufi inayoshuka ubaoni, kwa hiyo vigae vya mfukoni vinapokwisha anajua bila kuchungulia kijana ameshika nini. U zote nne zimetoka. Q haijatoka, na yeye hana. Ubaoni pamebaki I moja ambayo Q ingeweza kuitegemea kuandika QI, mojawapo ya maneno 127 ya herufi mbili yaliyomo katika orodha. Mwalimu anaacha neno la alama 24, anashusha la alama tisa linaloziba nafasi hiyo. Raundi inayofuata anamaliza vigae vyake. Kijana amebaki na Q mkononi, yenye alama 10, na kwa kanuni za mashindano Mwalimu anaongezewa mara mbili yake: 20.