Fundi Aliyetoka Steshenari

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jitihada za kuhamishia hesabu za Wizara ya Fedha kwenye mashine kuishia hasara. Marufuku hiyo ilidumu kwa miaka. Kompyuta zilipokuja kutapakaa maofisini, hazikukuta kikosi cha wasomi kikizisubiri. Zilikuta makatibu muhtasi, mafundi redio, watunza stoo na vijana wa kuchapa barua, na wengi wa hao ndio waliojifunza kuzifungua, kuzifuta vumbi na kuziamsha zilipozima. Ndiyo maana ninaposoma tangazo la kazi ya ofisa TEHAMA linalodai shahada ya kompyuta na kufunga mjadala hapo, huona tumesahau ufundi huu ulilelewa na nani.

Hadi leo unalelewa mtaani. Ukitoa vibanda vya Kariakoo na maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi, chuo chake kikubwa ni steshenari: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kutolea kopi na foleni isiyokwisha. Mwanafunzi anataka kutuma maombi ya mkopo siku ya mwisho. Mzee ameleta hati ya kiwanja iskaniwe, na hataki itoke machoni pake hata kidogo. Flashi imejaa virusi, printa imetafuna karatasi, na umeme umekatika kabla kazi haijahifadhiwa. Kijana anayekaa pale anajifunza kupiga window jioni wateja wakipungua, lakini mchana kutwa anajifunza jambo gumu zaidi: kumhudumia mtu mwenye wasiwasi bila kumfanya ajione mjinga. Hakuna muhula unaofundisha hilo vizuri kuliko foleni.

Na hilo ni nusu ya kazi. Mhasibu wa makamo akisema, "Mwanangu, intaneti imekufa," anasema anachokiona, si kilichoharibika. Fundi mzuri haanzi kubishana. "Shikamoo mama. Jana ilikuwa inafungua? Na simu yako inapata mtandao hapahapa?" Simu inapata. Basi mtandao mzima si mbovu. Tatizo liko kwenye kompyuta hii. Jicho linashuka kwenye kona ya skrini na kukuta saa inaonyesha mwaka wa zamani. Jibu ni hilo. Tovuti za benki na za serikali hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini bado iko zamani huona cheti hicho hakijaanza kutumika, nayo inakataa kufungua. Chanzo ni betri ndogo ya duara, ya volti 3, iliyobanwa kwenye ubao wa ndani, ambayo kazi yake ni kukumbuka saa mashine inapozimwa. Kisa chote kimekwisha bila kubadilisha ruta wala kuipigia kampuni ya intaneti kelele.

Uzuri wa ufundi huu uko hapo, katika kuondoa. Asiye fundi huongeza: programu mpya, kebo mpya, kompyuta mpya. Fundi hupunguza yanayowezekana moja baada ya jingine mpaka kosa libaki peke yake, halina pa kujificha. Akikuta namba ya mtandao ya kompyuta inaanza na 169.254, anajua imejipa namba yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia, kwa hiyo anaifuata kebo kuelekea kwenye swichi, wala hapotezi asubuhi kwenye kivinjari. Anagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu akigusa vitatu na mashine ikapona, hatajua kilichoiponya.

Lakini tusimsifu wa mtaani hadi tumdanganye. Mazoea yana ukuta, na ukuta wenyewe unaonekana hata kwenye kebo. Ndani yake mna nyaya nane, jozi nne zilizosokotwa. Aliyejifunza kwa kuangalia atazipanga jozi kando ya jozi, rangi na nyeupe yake, pande zote mbili sawasawa. Kipimo kitawasha taa zote nane kwa mpangilio, naye atafungasha vifaa aende. Kisha mtandao utakwamakwama na kila mtu ataulaani. Kumbe mawasiliano husafiri kwenye pini ya 3 na ya 6 kama jozi moja, hivyo, kwa mpangilio uliozoeleka, kijani na nyeupe yake lazima zitengane zikiipisha jozi ya bluu katikati. Zisipotengana, mawimbi yanayopaswa kulindana ndani ya msokoto mmoja yanagawanywa kwenye misokoto miwili. Taa haziwezi kumwambia hilo. Atalijua akisoma.

Kusoma kwenyewe sasa kuna njia nyingi. Tangu mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ufike Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, somo lililokuwa la chuo cha mbali linaweza kufuatwa usiku baada ya kufunga duka. Ipo mitihani ya CCNA na A+, isiyomuuliza mtahiniwa alisoma shule gani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, nayo hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Aliyetoka steshenari husoma nadharia akiwa tayari na maswali yake, na kila ukurasa unamkumbusha mashine fulani iliyomshinda.

Kisha kuna jambo ambalo cheti hakipimi. Mtu wa IT hushika funguo za nyumba nzima. Anaweza kuona mishahara, barua za kuachishwa kazi, picha alizosahau bosi kwenye kompyuta ya ofisi. Ufundi bila amana hapa ni hatari tupu. Yule aliyewahi kushika hati ya kiwanja ya mzee mwenye wasiwasi, akaiskani, akairudisha, kisha akafuta nakala kwenye mashine bila kuombwa, ameshafanya mtihani huo mara nyingi bila msimamizi.

Kwa hiyo waajiri wangeacha shahada iwe sifa mojawapo badala ya kuwa kizingiti. Siku ya usaili wekeni mezani kompyuta iliyorudishwa saa, kebo iliyofungwa jozi kando ya jozi, na mtumishi aliyekasirika. Mwiteni mwenye shahada, mwiteni na aliyetoka steshenari. Msiangalie nani anamaliza kwanza. Sikilizeni nani anauliza kabla ya kugusa, nani anaweza kueleza kwa nini imepona, na nani anamwacha yule mtumishi akiwa ametulia kuliko alivyomkuta. Huyo mpeni kazi, na akiwa hana cheti, mlipieni mtihani.